Mgonjwa asiitwe mkaidi kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalowasumbua wagonjwa wa moyo na kiharusi, nalo ni kulaumiwa kwamba hawamezi dawa kila ugonjwa unapowarudia.

Dawa ninayokusudia ni klopidogreli. Hupewa mtu aliyepatwa na shtuko la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, na pia aliyewekewa kibomba cha waya ndani ya mshipa wa moyo. Kazi yake ni kuzizuia chembe sahani za damu zisigandamane. Ni dawa nzuri, na tangu mwaka 2015 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini wananchi wengi hawaelezwi kwamba kidonge hiki kikifika tumboni bado hakijawa dawa. Ni kama unga ambao haujasongwa ugali. Ini ndilo linalokipika, na chombo chake kikubwa cha kupikia ni kimeng'enya ambacho wataalamu wanakiita CYP2C19.

Kimeng'enya hicho hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni tulizorithi, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyerithi jeni isiyofanya kazi kutoka pande zote mbili, ini lake hukipika kidonge kidogo mno. Aliyerithi moja tu hukipika nusunusu. Wote hao hupewa kidonge kile kile cha miligramu 75, na wote kwa macho ni watu wazima wa kawaida.

Kijijini kwetu yupo mzee aliyepatwa na kiharusi mara ya pili akiwa anatumia dawa hii. Huko alikotibiwa aliambiwa mbele ya watu kuwa yeye ni mkaidi. Mkewe, ambaye humhesabia vidonge kila asubuhi, alitoka nje akilia. Nyumbani nako wengine wakasema karogwa, wengine wakasema dawa zile ni za bandia. Mimi sisemi kwamba mzee huyo ana jeni hiyo, maana hakupimwa, na ni kweli wapo wagonjwa wanaoacha dawa. Lakini huyo aliyemkaripia alijuaje?

Wenzetu jambo hili wanalijua siku nyingi. Mwezi Machi 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru klopidogreli iwekewe onyo zito kuhusu watu wasioweza kuipika. Maelezo ya dawa hiyo yalitaja kwamba watu wa namna hiyo ni kama 2 kati ya 100 kwa Wazungu, 4 kwa watu weusi na 14 kwa Wachina. Jimbo la Hawaii, ambalo wakazi wake wengi asili yao ni Asia na visiwa vya Pasifiki, lilizishtaki mwaka 2014 kampuni za Bristol Myers Squibb na Sanofi kwa kutowaonya watu. Mwaka 2024, baada ya kesi kurudiwa, jaji aliamuru zilipe dola zaidi ya milioni 900, nazo zikasema zitakata rufaa. Mwaka huo huo taasisi ya NICE ya Uingereza ilishauri wagonjwa wa kiharusi wapimwe jeni hiyo kabla ya kupewa dawa.

Hiyo 4 ya watu weusi isitulaze usingizi. Sisi Waafrika tunatofautiana kwa jeni kuliko watu wa bara lingine lolote, na hesabu moja haiwezi kumtosha Mmakonde, Mmasai na Mhadzabe.

Liko jambo moja ambalo halihitaji hata maabara. Omeprazoli, vidonge ambavyo watu hununua wenyewe dukani kwa ajili ya vidonda vya tumbo, hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Mamlaka hiyo ya Marekani inashauri visitumiwe pamoja na klopidogreli. Ni wagonjwa wangapi wameulizwa kama wanavitumia?

Naiomba Wizara ya Afya iwaagize watumishi wake waulize swali hilo kabla ya kukaripia, na ipange namna ya kuwapima angalau wale ambao ugonjwa umewarudia wakiwa kwenye dawa. Dawa nyingine zipo. Tikagrela, kwa mfano, haingoji kupikwa na ini. Prasugreli haikitegemei sana kimeng'enya hicho, ila haimfai aliyewahi kupata kiharusi, na ndiyo maana uamuzi lazima ubaki kwa daktari.

Mgonjwa atakayesoma barua hii asiache vidonge vyake kwa ajili yangu. Aende navyo hospitali, na vile vya tumbo avibebe pia.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbozi.