Kabla Lori Halijaondoka



Mahindi yamevunwa. Mvua zimekatika. Katika milima ya Umatengo watu wanachuma kahawa, na huku mwambaoni upepo wa mwera umeanza kuvuma. Huu ndio wakati ambao watu wengi huhama. Wengine wanafuata ardhi, wengine wanafuata ndugu, wengine wamechoka na nyavu na wanataka kulima mpunga.

Huko Marekani na Ulaya wapo watu wanaonunua basi kuukuu. Hung'oa viti, huweka kitanda na jiko, kisha huishi humo. Siku ya kuhama hawafungi mizigo. Huwasha injini tu, nyumba ikaondoka. Sisi hatuhami hivyo. Lakini mtu anayehama mbali kwa lori, kwa siku mbili au tatu lori hilo ndilo nyumba yake. Mali yake yote imo ndani. Kwa hiyo lazima litayarishwe kama nyumba.

Tuchukue mfano. Jamaa moja ya Liuli inahamia Kilombero, mkoa wa Morogoro. Lori litapita Mbamba Bay, Mbinga, Songea, Njombe, Makambako na Iringa, mpaka Mikumi. Hapo litaiacha barabara kuu na kushika njia ya Ifakara. Ni safari ya karibu kilomita 900.

Kwanza, usihame kwa kusikia. Wazee wanakumbuka miaka ya Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976. Malori yalishusha watu mahali pengine pasipo na nyumba wala maji. Wakati ule watu walihamishwa. Wewe unahama kwa hiari yako, basi mtume mtu mmoja mbele. Aende aone shamba kwa macho yake. Aonane na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji hugawiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtu anayekuambia, "Nipe fedha, shamba lipo," bila kukupeleka ofisini, mwogope.

Na nyumba unayoiacha? Baba asiiuze peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya mke na mume haiuzwi na mmoja bila mwenzake kukubali. Tena si lazima kuuza. Mwachie ndugu yako ailinde mwaka mmoja. Ukishindwa huko, utakuwa na mahali pa kurudi.

Sasa lori lenyewe. Usikubali bei kabla hujaliona. Nenda ulitazame mchana, likiwa tupu. Tazama matairi. Kama mistari yake imefutika na tairi limekuwa laini kama kiganja, litapasuka njiani. Uliza tairi la akiba, jeki na spana. Inama uangalie chini ya injini kama oili inadondoka. Mwulize dereva habari za breki, na umtazame usoni anapojibu. Usione haya kuuliza. Ni mali yako.

Kwa nini breki na maji ya rejeta? Fikiri njia ilivyo. Ziwa letu liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mbinga iko zaidi ya mita 1,000. Barabara ya Mbamba Bay hadi Mbinga sasa ni ya lami, lakini mlima haukuondoka. Lori lenye mzigo hupanda polepole na injini huchemka. Dereva mwema husimama, huacha injini ipoe, ndipo huongeza maji. Anayefungua rejeta ingali moto huungua uso. Mbele, baada ya Iringa, kuna mteremko mrefu wa Kitonga. Hapo breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Dereva anayejua kazi huingiza gia ndogo mapema, kabla ya kuanza kuteremka, na injini yenyewe hulizuia gari.

Sasa tupime mzigo. Chukua kalamu. Mahindi magunia 9 ya kilo 100 ni kilo 900. Bati kuukuu 50 tuzikadirie kilo 300. Vitanda, meza, kabati na vyombo, kilo 700. Usipa mkavu magunia mawili, tuseme kilo 100. Jumla ni kilo 2,000, yaani tani 2. Basi lori la tani 3 linatosha.

Kwa nini magunia 9 na si 20? Mwaka 2017 Serikali iliondoa ushuru wa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ukizidisha, ujue utasimamishwa. Wala usifunge lumbesa. Gunia la lumbesa halijulikani uzito wake, na Makambako kuna mizani ya barabarani. Lori likizidi hapo litazuiwa, nawe utakaa kando ya barabara na watoto.

Tena kuna jambo hili. Umekodi lori zima, lakini mkifika Mbinga dereva anasimama kuongeza magunia ya mtu mwingine. Mkikaribia Songea anaongeza tena. Kitanda chako kinavunjika chini, na mizani inakaribia. Andikeni mapatano kabla ya safari: bei, njia, siku ya kufika, na kwamba hakuna mzigo mwingine. Nyote wawili mtie sahihi mbele ya mtendaji. Lipa sehemu mwanzoni na sehemu mkifika. Sasa unajua kusoma. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma.

Kupakia nako kuna maarifa yake. Vitu vizito huwekwa chini, katikati na mbele, si nyuma kabisa. Tandaza magunia ya mahindi sakafuni. Bati zilale ubavuni. Makabati yasimame, na ndani yake weka nguo ili zisibaki nafasi tupu. Sahani na glasi zifunge katika vitenge. Mafuta ya taa yawe mbali na unga, na mtungi wa gesi usimame wima, umefungwa. Usipa uutie katika mfuko mzito na kuuweka mbali na magodoro, kama hutaki kulala na ziwa mwaka mzima. Juu ya yote funika turubai, na kamba zikazwe tena baada ya saa moja ya mwendo, kwa maana mzigo hushuka.

Mvuvi atauliza habari za mtumbwi wake. Ndugu yangu, uache. Umechongwa kwa ajili ya ziwa hili, na utakula nafasi ya nusu ya lori. Mwuzie jirani.

Kuna kitu kingine cha kuacha, na hapa nataka unisikilize sana. Ni vipando vya mihogo. Mama mwema hapendi kuondoka bila mbegu yake, na mwambaoni kwetu muhogo ndio ugali. Lakini kando ya Ziwa Nyasa upo ugonjwa wa siku nyingi uitwao michirizi ya kahawia. Majani yanaweza kuonekana mazuri, na shina limenyooka. Ukichimba, muhogo umeoza ndani, una madoa ya kahawia kama kutu. Ugonjwa huu husafiri ndani ya vipando. Fungu moja ulilolifunga kwa upendo linaweza kuharibu mashamba ya kijiji kinachokupokea. Tafuta mbegu huko huko, kwa kumwuliza bwana shamba. Na mbegu za mahindi na maharage? Hizo zichague, zikaushe vizuri, uzichukue.

Mbuzi wanahitaji kibali cha daktari wa mifugo. Kuku waingie katika tenga lenye hewa, si ndani ya gunia.

Sasa watu. Watoto wasipande juu ya mzigo. Narudia: watoto wasipande juu ya mzigo, wala mama, wala bibi. Lori la mizigo halikutengenezwa kwa abiria, na sheria inakataza. Mtu aliyelala juu ya magodoro hana cha kushika lori likikata kona. Nauli ya basi ni ghali, ndiyo. Basi punguza mali. Uza kabati, ulipe nauli. Mtu mzima mmoja akae mbele na dereva ili aangalie mzigo. Wengine wasafiri kwa basi.

Wanaosafiri kwa basi wachukue mkoba mmoja wasioutoa mkononi. Ndani yake ziwe karatasi zote katika mfuko wa plastiki: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto, vitambulisho, barua ya mtendaji, na barua za uhamisho za shule. Mwalimu mkuu aombwe barua hizo mapema, si asubuhi ya safari. Mwenye dawa za kila siku, kama za kifua kikuu, kisukari au za kufubaza virusi vya UKIMWI, aende zahanati akachukue barua ya uhamisho na dawa za kumtosha njiani. Asiache hata siku moja.

Na mablanketi? Yasifungwe chini ya mahindi. Mtoto wa mwambaoni amezoea joto. Njombe na Makambako mwezi Juni na Julai ni baridi kali, na basi au lori likiharibika mtalala hapo. Blanketi, maji ya kunywa yaliyochemshwa, ugali baridi na tochi viwe karibu.

Mkifika, shusheni kwanza magodoro na sufuria, maana usiku uko karibu. Hesabuni mizigo pamoja na dereva kabla ya kumlipa sehemu iliyobaki. Kesho yake asubuhi, baba na mama waende pamoja ofisi ya kijiji na ile barua.

Mwezi ujao tutaeleza namna ya kukausha usipa juu ya chanja badala ya mchangani.