Kiswahili Hakijashindwa na Hisabati

Madai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba hisabati yamerudiwa mara nyingi mno, hata baadhi ya walimu wetu wameyakubali bila kuyachunguza. Nikiwa mwanaisimu, nayakataa, na shahidi wangu ni nambari moja tu: 147,573,952,589,676,412,927.

Nambari hiyo hupatikana kwa kuandika mbili 67, kuzizidisha zote pamoja, kisha kutoa 1. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliitaja miongoni mwa nambari tasa, yaani zile zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kauli yake ilidumu kwa miaka 232. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Edouard Lucas, alithibitisha kwamba nambari hiyo si tasa, ingawa hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Hatimaye, mwaka 1903, Frank Nelson Cole aliwaonyesha wanahisabati wenzake mjini New York vigawo viwili: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Husimuliwa kwamba Cole alizidisha ubaoni bila kutamka neno. Wapo watakaosema kuwa basi hisabati haihitaji lugha. La hasha! Waliomtazama walikuwa mabingwa. Mtoto wa darasa la tano si bingwa, naye huhitaji maneno.

Na maneno tunayo. Shule za msingi za Tanzania hutumia istilahi mbili, "kigawo" na "kigawe", zote kutokana na kitenzi gawa. Kiishio -o aghalabu hutaja kinachotenda kazi: kifuniko hufunika, ufunguo hufungua. Kiishio -e hutaja kilichotendwa: kiumbe kimeumbwa, mteule ameteuliwa. Kwa hiyo kigawo hugawa, na kigawe hugawanywa. 193,707,721 ni kigawo cha nambari yetu, nayo nambari yetu ni kigawe cha 193,707,721. Uhusiano wote umo ndani ya irabu moja! Istilahi za Kiingereza za dhana hizo hazifanani hata kidogo. Mtoto hana budi kuzikariri.

Ni kweli kwamba tukiisoma nambari hiyo kwa sauti tutaazima maneno kama trilioni na kwintilioni. Je, ni aibu? Elfu ilitoka Uarabuni na laki ikatoka Bara Hindi, wala hatujasikia mchuuzi aliyeshindwa kurudisha chenji kwa sababu hiyo.

Hoja yangu si kwamba Kiingereza kifukuzwe darasani. Nataka watunga mitaala wetu wachapishe istilahi hizi sambamba na zile za Kiingereza katika kila kitabu cha hisabati cha shule za msingi. Gharama yake ni wino kidogo tu. Mtoto anayefanya mtihani wa hesabu apimwe hesabu, asipimwe Kiingereza.