Punguza mzigo, usipunguze joto

NYAYO ZA MILIMANI
Na Neema Mshana

Kipupwe kinakaribia, na vijana waliozoea mbio za barabarani wananiuliza jinsi ya kukimbia milimani siku mbili, kulala usiku mmoja njiani, huku kila kitu kikiwa mgongoni. Nafurahi kuulizwa. Njia ya Usambara kutoka Lushoto hadi Mtae, kupitia Magamba na Rangwi, inafaa sana kwa safari ya kwanza. Ila wote huanza kwa kuuliza wapunguze nini. Mimi nataka waanze na kisichopunguzwa kamwe, nacho ni joto la mwili.

Mtu anayekimbia hutoa joto jingi, ndiyo maana fulana moja humtosha hata kwenye ukungu. Akiteguka kifundo jioni akalazimika kukaa chini, amelowa jasho na ana njaa, joto lile humtoka upesi. Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 mkoani Gansu, China, upepo mkali na mvua ya baridi viliwakuta wakimbiaji mlimani. Walikufa 21. Wengi walivaa kaputula na fulana, na koti la kuzuia upepo halikuwa kifaa cha lazima. Kwenye UTMB, mbio maarufu za kuzunguka mlima Mont Blanc, hata bingwa haruhusiwi kuanza bila koti la mvua lenye kofia, blanketi la foili, tochi na filimbi. Waandaaji wa mbio za milimani hapa kwetu nao wakague mabegi kabla ya kipenga.

Basi uzito tuupunguze wapi? Kwenye malazi na jiko. Njia hii ya Usambara inapita vijijini, na Rangwi masista hupokea wageni. Piga simu mapema, uhakikishe kitanda, kisha hema, godoro, sufuria na gesi viache nyumbani. Chai na viazi utavipata njiani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo beba ya kukufikisha kijiji kinachofuata, pamoja na vidonge vya kutibu maji. Msituni nenda na mwenyeji anayezijua njia na taratibu za kibali.

Begini vibaki koti la mvua, sweta jepesi, fulana ya mikono mirefu na soksi za kulalia, vyote vikiwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Ongeza tochi ya kichwani, blanketi la foili, filimbi, simu na karanga. Fulana ya pamba usiibebe, maana ikilowa haikauki upesi na hukunyonya joto.

Si lazima uagize Ulaya. Kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, makoti mazuri hupatikana kwa anayejua kuchagua. Ligeuze koti ndani nje, utazame utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukiwa umebanduka, liache. Ukiwa mzima, mwagia begani kikombe cha maji, usubiri kidogo, kisha upapase upande wa ndani.

Wala usinakili orodha ya bingwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka 2006 mkimbiaji Simon Mtuy alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa chini ya saa 10, akijibebea mwenyewe chakula, maji na nguo. Lakini mlima ule aliujua, na mwili wake aliujua zaidi.

Wewe jijue kwanza. Jumamosi hii kimbia saa mbili na begi kamili, kisha ulale nje uani ukiwa na nguo zilizomo begini tu. Baridi ikikuamsha, ongeza sweta. Kumbuka pia kwamba milimani kuna baridi zaidi kuliko uani kwako, kwa hiyo hata ukilala fofofo, sweta lile usilitoe.