Ubeti Huu Ni wa Nani? Haja ya Uhakiki wa Matini kwa Wanafunzi wa Kiswahili wa Meru na Embu

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesomea bara aghalabu hukutana na ushairi wa kale kupitia karatasi za fotokopi. Karatasi hizo huwa na beti za Al-Inkishafi au za Utendi wa Mwana Kupona, mara nyingi bila jalada, bila jina la mhariri na bila mwaka wa uchapishaji. Mwanafunzi huzisoma, huhesabu mizani, hutambua vina, kisha huandika katika mtihani kwamba mshairi ametumia neno fulani ili kudhihirisha jambo fulani. Ni nadra mno kumsikia akiuliza swali linalotangulia hayo yote: ni nani aliyethibitisha kwamba mshairi ndiye aliyelitumia neno hilo?

Swali hilo ndilo msingi wa taaluma ya uhakiki wa matini. Taaluma hii isichanganywe na uhakiki wa fasihi uliozoeleka madarasani, yaani ule wa maudhui, fani na nadharia. Uhakiki wa matini hutangulia huo. Kazi yake ni kukusanya nakala zote zinazopatikana za utungo mmoja, kuzilinganisha neno kwa neno, kueleza uhusiano uliopo baina yake, na kuamua kwa hoja ni maneno yapi yachapishwe na yapi yaorodheshwe chini ya ukurasa ili msomaji ayapime mwenyewe. Zao la kazi hiyo ndilo toleo la kihakiki. Makala haya yanashikilia kwamba taaluma hii inastahili nafasi katika masomo ya Kiswahili, na kwamba wanafunzi wa Meru na Embu, ambao hudhaniwa kuwa mbali na miswada ya kale, wana sababu za pekee za kuidai.

Yafaa kwanza kutazama ilikokomaa. Hakuna mtunzi hata mmoja wa fasihi ya Kilatini ya Roma ya kale ambaye mswada wa mkono wake mwenyewe umedumu hadi leo. Kilichobaki ni nakala za nakala, zilizonukuliwa na watu waliochoka, waliosahau mistari, au waliojiona wanajua zaidi kuliko mtunzi. Utungo wa Lucretius kuhusu maumbile ya vitu ulikuwa umesahaulika kwa karne nyingi hadi Poggio Bracciolini alipoikuta nakala yake mwaka 1417. Mwaka 1440 Lorenzo Valla aliichunguza hati iliyodaiwa kutolewa na Mfalme Konstantino ili kumkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Alionyesha kwamba Kilatini cha hati hiyo hakingeweza kuwa cha zama za Konstantino. Kwa hiyo ujuzi wa lugha peke yake uliweza kuitikisa hoja ya kisiasa iliyokuwa imeheshimiwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1850 Mjerumani Karl Lachmann alichapisha toleo la Lucretius lililokuja kuwa kielelezo cha utaratibu unaohusishwa na jina lake. Utaratibu huo una mantiki nyepesi: nakala mbili zikishiriki kosa moja ambalo si rahisi kuzuka mara mbili, yaelekea zina mzazi mmoja. Kwa kuyafuatilia makosa ya pamoja, mhariri huchora mti wa nasaba ya nakala na kukaribia chimbuko lake. Hata hivyo, utaratibu huu una mipaka. Dante aliyefariki mwaka 1321 hakuacha hata mstari mmoja wa mkono wake unaojulikana, ilhali miswada ya utungo wake mkuu ni takriban 800. Giorgio Petrocchi, katika toleo lake la mwaka 1966 na 1967, hakudai kuupata mswada wa Dante. Alijifunga kwa nakala 27 za kabla ya mwaka 1355, akaeleza sababu zake, akaziweka wazi tofauti zake. Msomaji asiyekubaliana naye anajua pa kuanzia kumpinga.

Mtaliano mwingine, Giorgio Pasquali, aliandika mwaka 1934 kitabu kilichoipa taaluma hii mwelekeo mpya. Alisisitiza kwamba nakala ya baadaye si lazima iwe nakala mbovu, kwa kuwa huenda ilinukuliwa kutoka kwa nakala ya kale iliyokwisha kupotea. Aidha, alionyesha kwamba maeneo ya pembezoni, yaliyo mbali na vitovu vya usomi, wakati mwingine huhifadhi usomaji wa kale ambao vitovuni ulikwisha kusahihishwa na kufutwa. Hoja hii ya pembezoni ni muhimu kwa msomaji wa Meru na Embu, na itarejelewa.

Je, ushairi wa Kiswahili una matatizo ya aina hii? Unayo, tena mengi. Miswada ya kale iliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo katika matumizi yake ya kawaida hazikutofautisha baadhi ya sauti za Kiswahili. Alama ya kasra ilisimama mahali pa i na e, nayo dhuma ikasimama mahali pa u na o. Kwa hiyo kiti, kite, keti na kete huweza kuandikwa kwa namna moja. Herufi ya ba ilitumika kwa b, p na mb, na kwa sababu hiyo bata, pata na mbata hutenganishwa na muktadha tu. Kila anayehamisha ubeti kutoka hati hizo hadi hati za Kirumi analazimika kuamua. Pale muktadha unapokubali maana mbili, uamuzi wake hugeuka kuwa "neno la mshairi" kwa vizazi vinavyofuata.

Mfano ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Utungo huu ulichapishwa mwaka 1915 kutokana na kazi ya W. E. Taylor ndani ya kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. William Hichens akautoa mwaka 1939, James de Vere Allen mwaka 1977, na M. M. Mulokozi akaujumuisha katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Mwanafunzi anayenukuu "Al-Inkishafi" bila kutaja toleo hajasema ameisoma Al-Inkishafi ipi. Halikadhalika Muyaka. Mashairi yake mengi yalikusanywa Mombasa miongo kadhaa baada ya kifo chake, wakati Mwalimu Sikujua alipomsaidia Taylor kuyaokoa kutoka kumbukumbu za wazee. Hichens aliyachapisha mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akayatafiti upya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya diwani inayosomwa leo kama maandishi ilipitia midomoni kabla ya kufika kwenye karatasi. Kule Lamu, Muhamadi Kijumwa alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu mbalimbali wa Ulaya, naye mwenyewe alikuwa mshairi. Mnukuzi ambaye ni mshairi anapobadilisha neno, je, amekosea au ametunga? Hadi leo wataalamu hawajaafikiana iwapo Utenzi wa Fumo Liyongo ni utungo wake au ni utungo alioupokea.

Huenda msomaji akasema kwamba mambo ya Lamu na Mombasa hayawahusu watu wa Mlima Kenya. Jibu limo katika masimulizi ya Wameru wenyewe. Wazee wa Meru husimulia kwamba mababu zao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, palipokuwa na maji, wakiwakimbia watu wa nguo nyekundu waliowatawala na kuwapa mitihani isiyowezekana, kama vile kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Walivuka maji, na makundi yao yakapata majina ya rangi nyeusi, nyekundu na nyeupe kulingana na wakati yalipovuka. Bernardo Bernardi, Mtaliano wa shirika la wamisionari wa Consolata, aliyaandika masimulizi ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru. Baadaye Jeffrey Fadiman alitoa hoja kwamba Mbwaa ni eneo la Manda, jirani kabisa na Lamu. Wengine hawakubaliani naye.

Hapa ndipo taaluma ya Lachmann na Pasquali inapokuwa suala la nyumbani. Baadhi ya wasimulizi husema kwamba kiongozi aliyapiga maji kwa fimbo yakapasuka. Je, hicho ni kipengele cha kale, au ni athari ya kitabu cha Kutoka kilichofundishwa katika shule za misheni tangu mwanzoni mwa karne ya 20? Wahariri wa Kilatini wana kanuni ya kuupa uzito usomaji mgumu, kwa kuwa wanukuzi huelekea kurahisisha na kuleta kile wanachokijua tayari. Kwa kipimo hicho, kiatu chenye manyoya pande mbili kinastahili kuaminiwa zaidi kuliko fimbo. Kanuni si hukumu, na huenda ikapotosha. Lakini haiwezekani hata kuijaribu ikiwa haijulikani ni msimulizi yupi alisema nini, wapi na lini.

Hali ni iyo hiyo Embu. Kisa cha Mwenendega na mkewe Ciurunji, kinachohusishwa na Mbui Njeru karibu na Runyenjes, husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. H. S. K. Mwaniki alichapisha matini za kihistoria za Embu mwaka 1974, na Ciarunji Chesaina akatoa kitabu kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere mwaka 1997. Kazi hizi ni hazina. Swali ni iwapo kizazi cha sasa kinaongeza hazina hiyo au kinaichanganya.

Hebu uchunguzwe utaratibu uliozoeleka. Mwanafunzi hutumwa nyanjani kukusanya ngano. Anarudi na rekodi tatu za ngano moja, ya Runyenjes, ya Siakago na ya Chuka. Wasimulizi wamehitilafiana. Mmoja ameacha wimbo, mwingine ameongeza mhusika, wa tatu amemaliza kwa namna tofauti kabisa. Mwanafunzi huchagua moja, huijazia kutoka kwa nyingine, huitafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha huiweka katika kiambatisho cha tasnifu yake. Simu inapojaa, rekodi hufutwa. Msimulizi anapofariki, kinachosalia ni ngano ambayo hakuna mtu yeyote aliyewahi kuisimulia. Mnukuzi wa enzi za kati aliyechanganya nakala mbili alau aliacha nakala hizo rafuni.

Wapo watakaopinga kwamba fasihi simulizi haina mswada asilia, na kwa hiyo kuitafutia mti wa nasaba ni kuivika vazi lisiloikaa. Pingamizi hili lina uzito. Albert Lord alionyesha mwaka 1960 kwamba katika utungo simulizi kila utendaji ni asilia kwa namna yake. Hata hivyo, pingamizi hilo linaitia nguvu hoja ya makala haya. Ikiwa kila utendaji ni asilia, basi kuunganisha tendaji tatu kuwa moja ni kuangamiza tatu na kubuni ya nne. Waitaliano wenyewe, kuanzia kwa Pasquali, walikwisha kujifunza kuipenda historia ya mapokezi ya utungo pamoja na chimbuko lake. Si lazima mwanafunzi wa Embu atafute ngano ya kwanza. Lililo lazima ni kuziheshimu zote tatu.

Wengine watasema kwamba kazi hii ni ya wageni wenye fedha na maktaba. Ni kweli kwamba miswada mingi ya Kiswahili imehifadhiwa London na Hamburg, na kwamba toleo la kihakiki la Utendi wa Haudaji lililotolewa na Clarissa Vierke mwaka 2011 lilitoka Ujerumani. Lakini umbali haujawahi kuwa kizuizi kamili. H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, ndiye huyo huyo aliyekuja kuchapisha kazi kuhusu Kivumba mwaka 1957, na kuhusu Chijomvu na Chichifundi mwaka 1958. Ikiwa mtawala wa kikoloni aliweza kushughulikia Meru na pwani kwa pamoja, mwanafunzi aliyezaliwa Igembe au Mbeere, anayejua lugha ya mama yake na Kiswahili, hana udhuru wa kudhani kwamba pwani ni ya wengine.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri bajeti. Kwanza, kusiwe na tasnifu inayonukuu ubeti wa kale bila kutaja mhariri na mwaka wa toleo, na inapowezekana matoleo mawili yalinganishwe. Pili, wanafunzi wa uzamili wa ushairi wafundishwe kusoma hati za Kiarabu kwa kiwango cha kuweza kukagua uamuzi wa mhariri. Tatu, vyama vya Kiswahili katika vyuo vya eneo hili, kuanzia Meru kupitia Chuka hadi Embu, vianzishe hifadhi ya pamoja ya rekodi za nyanjani kwa idhini ya wasimulizi, kila rekodi ikiwa na mahali, tarehe na lugha iliyotumika, na tafsiri ya Kiswahili iwekwe kando ya maneno ya awali wala isikalie nafasi yake.

Pasquali alisema kwamba pembezoni huweza kuhifadhi kile ambacho kitovu kimekisahau. Meru na Embu zimewekwa pembezoni mwa taaluma ya Kiswahili kwa muda mrefu, na wasomi wake wamezoea kupokea matini zilizokwisha kuamuliwa kwingine. Wakiendelea kufuta rekodi na kuunganisha ngano, hata pembezoni hapatakuwa na cha kuhifadhi. Ajizi ni nyumba ya njaa, na wasimulizi wa Mbwaa na wa Mbui Njeru hawazidi kuongezeka.