Mkanda wa Mbwa Si Urembo Mtupu

Mwaka jana mtaani kwetu mbwa mmoja aliuawa kwa marungu mchana kweupe. Siku mbili kabla ya hapo mtoto alikuwa ameumwa na mbwa asiyejulikana, hofu ikatanda, na vijana wakatoka kuwasaka mbwa wote waliokuwa wakizurura. Simba, kama watoto wa jirani yangu walivyomwita, alikuwa amepenya tundu la ua. Baba mwenye nyumba alikuwa zamu kiwandani; watoto walikuwa shuleni. Jioni nilimwuliza kijana mmoja kwa nini hawakuulizia kwanza. Akanijibu, "Tungejuaje kuwa ana mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Shingoni mwa Simba hapakuwa na kitu.

Hofu ya vijana wale ilikuwa na sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra kupona. Ndiyo maana aliyeumwa hana budi kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali bila kungoja kesho. Lakini ugonjwa huu huzuiwa kwa kuwachanja mbwa, wala marungu hayajaumaliza popote. Katika kampeni za chanjo wilayani Serengeti, mbwa waliokwisha kuchanjwa walivishwa mikanda shingoni ili watambulike. Mkanda basi ni kama cheti: humwambia mpita njia kwamba mnyama huyu ana watu wake.

Baada ya msiba ule, mama wa watoto wale, ambaye ni fundi cherehani, alileta mtoto mwingine wa mbwa. Safari hii hakutaka kurudia kosa. Alichukua mkanda wa suruali uliochakaa, akaukata kwa kipimo cha shingo, akaacha bizimu lake, akatoboa matundu mapya kwa msumari uliopashwa moto. Watoto wakashona jina kwa shanga na uzi wa nailoni, kila herufi ikiwa na shanga tano kwenda juu. Walibishana jioni nzima juu ya jina, hata mama akaamua: liwe fupi, maana shanga zilikuwa chache. Kwa upande wa ndani wakaandika namba ya simu kwa wino usiofutika.

Ukitaka kujaribu nyumbani kwako, kumbuka mambo matatu. Kwanza, vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Mtoto wa mbwa hukua upesi, hivyo pima kila wiki, la sivyo mkanda utamkata ngozi. Pili, fundo la uzi lifichwe ndani na kushonewa kitambaa, asije akalitafuna na kumeza shanga. Tatu, paka asifungwe ngozi ngumu. Paka hupanda miti na kuta. Mkanda ukinasa, humnyonga. Mshonee kipande cha lastiki ili aweze kuchomoa kichwa.

Majirani walipouona mkanda ule, waliomba na wao washonewe. Mama akaweka bei, na nusu yake akawa anaitia katika kopo la maziwa lililo dirishani. Mwezi wa tatu, mbwa asiye na mwenyewe aligongwa na baiskeli, akavunjika mguu. Fedha za kopo zikamlipa bwana mifugo. Zilizobaki zilinunua chanjo.

Wapo waliomcheka. Mzee mmoja alimwambia mbele yangu, "Binti yangu, watu wanakosa dawa, wewe unamtibia mbwa?" Mama hakukasirika. Alimjibu kwa adabu, "Shikamoo mzee. Mbwa huyu akichanjwa, mjukuu wako hatahitaji sindano." Mzee alinyamaza, kisha akauliza bei ya mkanda.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kuwatesa wanyama. Hata hivyo, sheria haiwezi kukaa mlangoni kwa kila mtu. Kazi hiyo ni ya familia. Mkanda peke yake hauzuii ugonjwa. Bila chanjo utakuwa umempamba mbwa tu, na kuwadanganya majirani. Anza kwa bwana mifugo, mbwa akitimiza miezi mitatu, urudie kama utakavyoelekezwa. Kisha waite watoto, toa mkanda wa zamani na shanga, na muwe na kopo dirishani.

Mbwa yule aliyevunjika mguu bado anachechemea. Watoto wamemshonea mkanda, ila hawajakubaliana jina. Kwa sasa pameandikwa WETU.

Tukutane Jumapili ijayo.