Saini ya Wakili wa Serikali

Huenda wasomaji wetu wakashangaa kuona karatasi ya Visiwani inayafungua maoni yake kwa habari za Bunda, mji ulio mbali nasi, juu ya njia itokayo Mwanza kwendea Musoma. Hatukupotea njia. Huko Bunda mbuga ya Serengeti inalikaribia Ziwa, na nyumbu huuvuka mpaka wa hifadhi asijue kuwa upo. Binadamu naye huuvuka, lakini yeye huambiwa kuwa alijua. Akikamatwa na askari wa hifadhi ana panga, na waya wa kutegea, na paja la nyumbu, kwa miaka mingi mashtaka yake yalikuwa hayo hayo matatu: kuingia hifadhini bila ya kibali, kuwa na silaha ndani ya hifadhi, na kupatikana na nyara za Serikali. Hili la tatu limetiwa katika fungu la uhujumu uchumi, chini ya sheria ya 1984, na tangu sheria hiyo irekebishwe mwaka 2016 mhujumu hutajiwa kifungo cha miaka ishirini hata thelathini.

Je, ni nani aamuaye kwamba paja lile liwe kesi ya uhujumu? Si askari aliyemkamata mtu, wala si hakimu. Mahakama za chini hazina ruhusa ya kuisikiliza kesi ya namna hiyo mpaka ziletewe kibali na hati kutoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka; na kwa kuwa Mkurugenzi hawezi kuwapo kila mkoa kwa wakati mmoja, sheria imemruhusu kuwakabidhi maafisa wake madaraka hayo. Basi kwa mtu wa Bunda au wa Butiama, njia ya jela na njia ya nyumbani zote mbili zapita juu ya meza ya wakili mwandamizi wa Serikali akaaye Musoma. Mahakama ya Rufani imekwisha kubatilisha kesi kadhaa kwa sababu kibali kilitiwa saini chini ya kifungu kisichompa mwenye kalamu mamlaka hayo. Neno dogo, atasema mtu. Lakini aliyekwisha kukaa ndani miaka mitano kwa neno dogo hilo hatarudishiwa miaka yake.

Hatusemi kwamba kazi hii haikutengenezwa. Zamani polisi aliyempeleleza mtu ndiye aliyesimama kumshitaki, yaani muuzaji na mpimaji walikuwa mtu mmoja, na sisi wenye maduka twajua vyema wateja husema nini juu ya mizani ya namna hiyo. Sheria ya 2008 ikaamuru mambo hayo mawili yatenganishwe, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimamishwa peke yake. Katiba ya Muungano, katika ibara ya 59B, yasema Mkurugenzi atakuwa huru, hataingiliwa na mtu yeyote wala mamlaka yoyote, naye atazingatia nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Maneno mazuri. Na wakili mwandamizi wa Musoma, kila atiapo saini kwa niaba ya Mkurugenzi, maneno hayo yamfunga yeye pia.

Ama sasa tutazame yaliyotokea. Mwaka 2003 Bunge liliirekebisha Sheria ya Hifadhi za Taifa, na katika kurekebisha yakaondolewa maneno yaliyoliunda kosa la kuingia hifadhini. Ikabaki adhabu pasina kosa. Watu wakaendelea kushitakiwa, na kutiwa hatiani, na kufungwa, hata ikapita zaidi ya miaka kumi na mitano ndipo Mahakama ya Rufani, katika rufaa za watu wa Mara, ikasema kosa lile halimo tena katika kifungu kile. Tufikiri kidogo. Katika miaka yote hiyo hati za mashtaka ziliandikwa na wasomi wa sheria. Mfungwa, ambaye pengine hajui kusoma, ndiye aliyelazimika kukata rufaa ili maneno ya sheria yasomwe upya.

Na nyama, kama ajuavyo kila mtu wa nchi za joto, haikai. Hupelekwa kwa hakimu, ikaandikwa, ikaamriwa iteketezwe, na karatasi ile ndiyo ikasimama mahali pa nyama siku ya kesi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaeleza kwamba mshitakiwa sharti apelekwe naye mbele ya hakimu huyo na aulizwe kama ana neno, la sivyo karatasi haifai kuwa ushahidi. Kulitazama jalada na kujua kama mtu alipelekwa au hakupelekwa ni kazi ya dakika chache.

Hatumtetei jangili. Wala hatudhani kwamba wakili wa Serikali katika mkoa ule ana kazi nyepesi. Sheria ya 1998 imeufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane kuwa jinai, na kifungo chake ni miaka mitano hata kumi na mitano. Lakini shahidi ni nani? Ni binti mwenyewe, na anaotakiwa kuwatolea ushahidi ni baba yake, na shangazi yake, na ngariba aliyewakata jamaa zake wote. Wapo mabinti waliokimbilia nyumba salama za Mugumu na Butiama, na pasipo mwendesha mashtaka mwenye subira, asiyechoka shahidi anaponyamaza, binti yule hana mtetezi. Twamtaka mtu huyo huyo, kwa uthabiti ule ule, alirudishe jalada la paja la nyumbu na kusema: halitoshi.

Kwa jina la Butiama, mwandishi wa karatasi zilizodurufiwa kama hii hawezi kusahau mwaka 1958. Mtoto wa kijiji hicho, Julius Nyerere, alishitakiwa kwa kashfa ya jinai kwa maneno aliyowaandikia mabwana shauri wawili katika Sauti ya TANU, nayo ilikuwa karatasi ya kudurufu. Akatetewa na D. N. Pritt aliyetoka Uingereza. Akatozwa shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa. Alikuwapo wakili wa Serikali aliyeona kwamba kesi ile yafaa. Na sisi Visiwani tunao wetu wa kukumbuka: viongozi wa Uamsho walioshitakiwa Bara mwaka 2014 kwa ugaidi, kosa lisilo na dhamana, hata Juni 2021 Mkurugenzi akayaondoa mashtaka. Ikiwa ushahidi haukutosha mwaka 2021, ulitosha lini? Marekebisho ya 2022 yamekataza mtu kushitakiwa kabla ya upelelezi kukamilika, lakini makosa makubwa yameachwa nje ya katazo hilo, na hayo ndiyo yawekayo watu rumande kwa miaka.

Bunge la Dodoma likaapo kupitisha fedha za Wizara ya Katiba na Sheria, wabunge wa Unguja na Pemba huwamo. Na waulize: katika Mara, kwa mwaka mmoja, majalada mangapi ya nyara huletwa mezani Musoma, na mangapi hurudishwa kwa upungufu wa ushahidi? Na wale waliofungwa baada ya 2003 kwa kosa lisilokuwamo katika sheria, nani amewahesabu?