Kuhara si Jina la Ugonjwa

Wanafunzi wangu, neno letu la leo ni kuhara. Wapo waonao haya kulitamka, wakasema "kuendesha" au "tumbo limeharibika", na hilo si kosa. Kosa ni kuligeuza jina la ugonjwa. Kuhara ni kitenzi: hueleza litokalo mwilini, wala hakimtaji alisababishalo. Nyuma yake huweza kujificha kipindupindu, virusi vya rota, au hata Ebola.

Husemwa: "Mgonjwa apewe maji ya chumvi na sukari, mtoto aongezewe zinki, kuna haja gani ya kukisaka kirusi?" Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Maji hayo huokoa maisha, wala asicheleweshewe mtu kwa kungoja maabara. Lakini tiba ya mgonjwa mmoja si kinga ya mji mzima. Kipindupindu hudai maji safi na vyoo. Rota hudai chanjo. Ebola hudai mgonjwa atengwe na wahudumu wajikinge. Asiyemjua adui atajikingaje?

Tazameni upande wa pili wa milima ya Rwenzori, wilayani Bundibugyo. Mnamo Agosti 2007 watu walianza kuugua homa, kutapika na kuhara. Jibu lilipatikana mwishoni mwa Novemba. Vipimo vya vinasaba vilivyolenga aina mbili za Ebola zilizokwisha kujulikana, ya Zaire na ya Sudan, havikuona kitu. Wataalamu wakalazimika kukisoma kirusi chenyewe, ndipo wakagundua aina mpya kabisa, iliyopewa jina la wilaya hiyo. Miezi mitatu! Mwezi uliofuata alifariki Dkt. Jonah Kule, daktari aliyewahudumia wagonjwa wa huko.

Sasa rudini Kasese. Tarehe 9 Juni 2019 mtoto wa miaka 5 alivuka mpaka kutoka Kongo pamoja na jamaa zake. Wahudumu wa hospitali ya Kagando walishuku Ebola, akahamishiwa kituo cha matibabu cha Bwera, na tarehe 11 Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoko Entebbe, ilikuwa imekwisha kuthibitisha. Siku mbili tu. Mtoto alifariki, na baada yake bibi yake na mdogo wake, lakini ugonjwa haukuenea Uganda kutoka kwao. Haikuwa bahati. Ebola ilikuwa Kivu Kaskazini tangu Agosti 2018, na Uganda ilikuwa imewachanja wahudumu wa afya wapatao 4,700 kabla hajafika mgonjwa hata mmoja.

Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani. Iliwezekana kwa sababu dunia nzima iliogopa. Je, mtoto anayehara Bwera siku ya kawaida, ambapo hakuna mgeni mwenye kamera mjini, thamani yake imepungua? Virusi vya rota viligunduliwa Melbourne mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake, katika matumbo ya watoto waliokuwa wakihara. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya taifa ya Uganda mwaka 2018. Hesabuni wenyewe miaka hiyo.

Ninalolidai si anasa. Kuhara kunapozuka kwa kundi la watu na sababu isijulikane, sampuli ya kinyesi ichukuliwe. Vipimo vya maadui tunaowajua visipoona kitu, utafutaji usikome hapo. Tena majibu yawarudie waliotoa sampuli. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na habari za tumbo lake mwenyewe sizioni kuwa siri ya dola.

Na majibu hayo yakirudi katika Kiingereza cha wataalamu, ni nani atakayeyasoma sokoni Mpondwe, ambako wanunuzi kutoka Kasindi na wauzaji wa upande huu hupatana bei kwa Lukonzo na Kiswahili?